Muhogo Ulivuka Bahari Peke Yake

Bibi yangu alikuwa na mistari miwili ya mihogo ambayo sisi wajukuu tulikatazwa kuigusa. Shamba lake lilikuwa chini ya milima, upande wa Muheza, na mistari hiyo aliipanda mpakani, pale nguruwe mwitu na nyani walipozoea kuingilia. Mihogo ya katikati ya shamba ungeweza kung'oa, ukamenya, ukatafuna mbichi chini ya mwembe. Ya mpakani, hapana. "Hiyo michungu, mume wangu," alikuwa akiniambia, kwa utani wa bibi na mjukuu wake wa kiume. "Hiyo mpaka ipite juani kwanza."

Tuliivuna mwisho. Bibi aliimenya, akaivundika chini ya majani siku kadhaa mpaka ikaota ukungu, akaikwangua, akaivunjavunja na kuianika juu ya bati. Makopa yakishakauka tulitwanga, tukachekecha, na usiku tukala bada, ugali wa muhogo, kwa kisamvu cha nazi. Bibi hakuwahi kutueleza ndani ya muhogo mchungu mna nini. Alijua hatua zake, na alijua ukiruka moja mtu ataumwa.

Nilikuwa kidato cha pili nilipofundishwa kwamba muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Likizo ilipofika nikamwuliza Bibi mihogo yake ilitoka wapi. Akasema mbegu alipewa na mama yake alipokuwa akiolewa, na mama yake alipewa na shangazi yake wa Pangani. Wakati ule niliona hajanijibu. Leo naona jibu lake lilikuwa sahihi kuliko la kitabu, maana muhogo haupandwi kwa punje kama mahindi. Unakata mti, unafukia pingili, na kinachoota ni mti uleule ukiendelea kuishi. Mti wa Bibi ulikuwa kipande cha mti wa mama yake, na ule wa mama yake kipande cha mti wa shangazi. Ukifuata nyuma, mkono kwa mkono, utafika kwenye merikebu.

Walioufuga muhogo kutoka porini walikuwa watu wa kusini-magharibi ya Amazoni, karibu na pale Brazil inapopakana na Bolivia leo. Walifanya hivyo maelfu ya miaka iliyopita, na kutoka huko ukasambaa hadi pwani ya Atlantiki, kwa Watupi, wenyeji wa pwani ya Brazil. Watupi ndio waliowaona Wareno wakishuka Aprili 1500, Pedro Álvares Cabral na msafara ulioanza safari na merikebu 13. Karani wa msafara, Pero Vaz de Caminha, alimwandikia mfalme wake kwamba watu wale hula kiazi fulani, akakiita kwa jina la kiazi kikuu alichokuwa anakijua. Kwa hakika alikuwa anautazama muhogo.

Kuna jambo moja la safari ile ambalo shuleni hatukuambiwa. Cabral hakuwa na nia ya kukaa Brazil. Alikuwa anakwenda India. Baada ya dhoruba kali kuzamisha baadhi ya vyombo vyake kusini mwa Afrika, merikebu zilizobaki zilitia nanga Kilwa mwezi Julai mwaka uleule, kisha zikaenda Malindi. Mabaharia walewale waliokanyaga mchanga wa Watupi mwezi wa nne walikuwa wanatazamana na watu wa Kilwa mwezi wa saba. Nikilifikiria hilo, mwili husisimka. Pwani mbili ambazo hazikuwahi kusikiana ziliunganishwa kwa muda wa mimba changa.

Muhogo wenyewe haukuja na safari ile. Wareno waliupeleka kwanza Kongo na Angola, katikati ya karne ya 16. Upande wetu uliingia kwa kuchelewa. Katika miaka ya 1730 La Bourdonnais, gavana wa Kifaransa, aliupanda Mauritius, na katika karne ya 18 ukawa unaonekana hapa na pale pwani ya Afrika Mashariki. Bara ulisambaa hasa katika karne ya 19, kwa njia za misafara. Kwa upande wa magharibi, habari yake haiwezi kutengwa na biashara ya watumwa. Unga wa muhogo wa Brazil ulipakiwa kwenda Luanda, ukawa chakula cha watu waliofungwa minyororo wakisubiri kuvushwa. Muhogo ulikuja Afrika na merikebu zilizorudi Brazil zikiwa zimejaa Waafrika. Kila nikisoma habari za "mabadilishano" ya mazao kati ya mabara, neno hilo hunikwama kooni.

Watupi wametuachia hata maneno. Nanasi ni neno lao, limepita kinywani mwa Wareno likafika kwetu. Kanju pia, jina la zamani la korosho, ambalo bado linasikika katika mkanju. Tunayataja kila siku bila kujua tunaongea lugha ya nani. Wenyewe ndui iliwapata mwaka 1563, katika vijiji vya Bahia ambako wamisionari walikuwa wamewakusanya, baada ya ugonjwa mwingine kuwapiga mwaka mmoja kabla. Vijiji vilibaki bila mtu wa kuvuna. Pingili zao zilikuwa zimeshavuka bahari na zinaota Kongo, huku waliozilima wanazikwa.

Kwa nini ndui iliwafyeka wao namna ile na si sisi? Swali hili nimeishi nalo muda mrefu, na jibu nililipata kwa kulinganisha miji miwili. Agosti 1505 Francisco de Almeida aliipiga Mombasa, akaipora na kuichoma moto. Mji ukajengwa upya. Wareno wakarudi mwaka 1528, wakauchoma tena, ukajengwa tena. Upande wa pili wa dunia, Hernán Cortés aliingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, Novemba 1519. Kufikia katikati ya 1520 wenyeji walikuwa wamemfukuza yeye na watu wake usiku, wengi wao wakafa njiani. Walikuwa wanashinda. Ila katika merikebu nyingine za Kihispania zilizofika mwaka huohuo alikuwamo mgonjwa wa ndui. Ugonjwa ukaingia mjini. Cuitláhuac, mtawala mpya aliyeongoza ule ushindi, alikufa kwa ndui baada ya siku 80 hivi madarakani. Tarehe 13 Agosti 1521 mji ulianguka.

Mombasa nayo ilipigwa mizinga, nayo iliporwa. Tofauti ni kwamba kwa karne nyingi majahazi yalikuwa yakija na kurudi kati ya pwani yetu, Uarabuni, Ghuba na Gujarati, na yalibeba magonjwa pamoja na shanga na vitambaa. Ndui na surua vilikuwa vimeshatuua, tena mara nyingi. Aliyefika utu uzima mara nyingi alikuwa ameshaugua na kupona. Tulikuwa ndani ya dimbwi moja la magonjwa na Asia na Ulaya. Hata mifugo ilihusika: virusi vya surua ni ndugu wa karibu wa virusi vya sotoka ya ng'ombe, na watu walioishi na ng'ombe kwa maelfu ya miaka walirithi mambo mengi kutoka zizini. Watu wa Amerika walikuwa na lama na bata mzinga, ng'ombe hawakuwa nao, na bahari ilikuwa imewatenga tangu zama za barafu. Miili yao haikuwahi kukutana na adui huyu. Walikuwa na nguvu kama sisi na akili kama sisi. Kilichokosekana ni kujuana na ugonjwa, na kujuana huko hununuliwa kwa vifo vya watoto wa vizazi vingi.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona muhogo kwa jicho jingine. Kiumbe kinachovuka bahari hakivuki na ulimwengu wake. Kuna kinachopanda merikebuni na kuna kinachobaki ufukweni, na mara nyingi kilichobaki ndicho kinachokuja kuamua mambo.

Kwa muhogo, kilichobaki kwanza ni elimu. Muhogo mchungu ukikatwa au kutafunwa hutoa sianidi, sumu inayoweza kuua mtu siku hiyohiyo. Watu wa Amazoni waliijua vizuri. Waliukuna, wakautia kwenye tipiti, mfuko mrefu uliosukwa kwa majani ya mnazi-mwitu, wakauning'iniza na kuuvuta hadi maji yenye sumu yakatoka yote, ndipo wakaukaanga. Merikebu zilibeba pingili. Tipiti haikusambaa bara zima pamoja nazo, wala akina mama waliojua kuisuka. Ilibidi wanawake wa Kiafrika wavumbue upya, kila mahali kwa njia yake: wa Kongo wakaloweka mtoni, wa kwetu wakavundika na kuanika. Ukungu ule juu ya mihogo ya Bibi, ambao mgeni angeuona uchafu, ulikuwa unailainisha na kuisaidia kuachia sumu. Ni kazi ya uvumbuzi iliyofanywa na watu wasiotajwa popote, na bila shaka wapo waliozikwa kabla hatua sahihi hazijapatikana.

Hatua hizo zikivunjika, bei yake inaonekana hata leo. Kuna ugonjwa unaoitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo, ulioandikwa na daktari Trolli mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haitanyooka tena maisha yake yote. Humpata anayekula muhogo mchungu usiotolewa sumu vizuri kwa wiki nyingi bila kitoweo cha maana. Wengi wanaopatwa ni watoto na wanawake. Mwaka 1981, wakati wa ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 huko Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ulizuka Tarime, kwetu Tanzania. Katika njaa mtu hawezi kusubiri jua siku nne. Naamini ndiyo maana Bibi alikuwa mkali namna ile kuhusu mistari ile miwili, ingawa konzo hakuwahi kuisikia.

Wa pili kubaki ufukweni walikuwa maadui wa muhogo. Hapo ulipata bahati: wadudu na magonjwa yaliyozoea kuutafuna Amerika hayakuwamo merikebuni, ukastawi Afrika kama mtoto aliyehamia mtaa usio na wagomvi. Bahati hiyo ilikuwa na mwisho wake. Mwaka 1894 mtaalamu wa mimea Otto Warburg aliandika habari za ugonjwa wa mihogo alioletewa kutoka Usambara, milima ileile ninayoiona nikisimama uani kwa Bibi. Majani yalikuwa yamekunjamana, yana mabaka ya njano, na mizizi imedumaa. Leo tunauita batobato. Amerika haukuwapo. Virusi vyake ni vya Afrika, viliishi katika mimea yetu ya porini bila makelele, mpaka inzi weupe walipovibeba na kuvitia kwenye mmea mgeni ambao haukuwa na kinga yoyote.

Nilipoielewa habari hiyo nilikaa kimya kitambo. Yaliyowapata Watupi kwa ndui yaliupata muhogo wao kwa batobato. Mtu aliletewa ugonjwa nyumbani kwake, mmea ukaletwa nyumbani kwa ugonjwa, na kanuni ni ileile.

Juu ya milima hiyo, Amani, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Ukoo wetu umepita katika vivuli vya miti ya kituo kile miaka mingi. Ni nchi ya mimea wageni: mkonge wenyewe uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, asili yake ikiwa Mexico, na katika miche yote aliyoagiza ni 62 tu iliyofika hai. Tanga nzima ilijengwa juu ya miche hiyo 62. Lakini mgeni ninayempenda kuliko wote ni mpira wa Ceará, binamu wa muhogo kutoka kaskazini-mashariki ya Brazil. Wajerumani waliupanda mashamba kwa mashamba wakitafuta utomvu wake. Mwaka 1913 bei ya mpira ikaanguka kwa sababu ya mashamba ya Asia, na miti ikaachwa. Watu wetu wakaigeuza mboga. Hicho ndicho kisamvu mpira, na kwa Bibi miti mitatu ilikuwa uzio wa choo.

Miaka ya 1930, enzi za Waingereza, wataalamu wa Amani, H. H. Storey na R. F. W. Nichols, walitafuta duniani muhogo usioshindwa na batobato. Hawakuupata wa kutosha. Wakaugeukia mti wa uzio. Waliuoanisha mpira wa Ceará na muhogo, kisha wakaurudisha mtoto kwa muhogo mara kadhaa, maana vizazi vya mwanzo vilikuwa na mizizi ya kamba isiyolika. Kazi iliendelea hadi 1957. Mbegu kutoka kazi hiyo zilipelekwa Ibadan, Nigeria, zikazaa mti ulioandikwa kwa namba 58308, na kutokana nao IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo iliyoko hukohuko Ibadan, ikapata aina iitwayo TMS 30572. Batobato kali ilipoiangamiza mihogo ya Uganda na kuleta njaa katika miaka ya 1990, aina hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizowainua wakulima. Wao waliijua kwa jina la Migyera. Damu ya mti uliotupwa na wenye mashamba ya mpira ilitoka Muheza, ikazunguka Nigeria, ikarudi hadi jirani yetu. Mtoto wa kwetu anapaswa kulijua hili kabla ya kujua tarehe za magavana.

Kilichobaki ufukweni kikivuka baadaye, nacho huvuka peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mdogo mwenye unga mweupe mgongoni, ambaye mabwana shamba humwita kidung'ata, alionekana kwenye mihogo ya Kongo. Alitoka Amerika ya Kusini, na adui zake aliwaacha huko. Katika miaka michache alikuwa amekausha mihogo nchi baada ya nchi. Mtaalamu wa Uswisi, Hans Rudolf Herren, aliyekuwa IITA, aliuliza swali ambalo naliona ni la hekima kubwa: huko kwao ni nani anayemzuia? Walimtafuta mdudu huyo nchi kadhaa, wakampata Paraguay mwaka 1981, na pamoja naye nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya mwili wake. Nyigu akapitishwa karantini London, akaachiwa Nigeria mwaka huohuo, kisha akasambazwa Afrika. Kidung'ata akanywea bila mkulima kununua dawa. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Miaka zaidi ya 400 baada ya muhogo, mwenzake mmoja aliyeachwa nyuma alivushwa.

Si kila aliyevuka alisubiriwa. Tekenya, ambaye wengine humwita funza, ni wa Amerika pia. Septemba 1872 merikebu Thomas Mitchell ilifika Ambriz, Angola, kutoka Brazil ikiwa imejaza mchanga kama farumi, yaani uzito wa kuituliza baharini, na ndani ya mchanga walikuwamo viroboto hao. Kwa miguu ya wapagazi na askari walivuka bara zima, na kabla ya karne kwisha walikuwa Zanzibar. Misafara iliyoeneza muhogo bara iliwabeba na wao. Jioni Bibi alikuwa akituweka mguu juu ya paja lake, koroboi pembeni, anatutoa tekenya kwa pini, kisha anapaka mafuta ya taa. Tulikuwa tumeshiba bada. Vyote viwili, kilichokuwa tumboni na kilichokuwa kidoleni, vilitoka Brazil.

Bibi amefariki, shamba analima dada yangu mkubwa. Tatizo lake sasa ni michirizi kahawia, ugonjwa ambao Storey aliuandika palepale Amani mwaka 1936, na ambao kwa miaka mingi ulikaa pwani na nyanda za chini, mpaka mwaka 2004 ulipojitokeza Uganda na kuenea nchi za maziwa makuu. Huu ni mbaya kwa namna yake, kwa kuwa unajificha. Mti unasimama mzuri, majani yanaweza kukudanganya mwaka mzima, na siku ya kuvuna unakata mzizi unakuta kahawia na ukavu kama kizibo cha chupa. Dada alinitumia picha mwezi uliopita: karai la mihogo, nusu imetupwa pembeni.

Nilimpigia tukaongea juu ya mbegu. Anataka zile za Namikonga kutoka Kusini, ambayo inavumilia michirizi, na mzizi wa ukoo wake ni uleule wa kazi ya Amani. Pingili hawezi kuzichukua tu kwa jirani kama zamani, maana kwa kupeana mkono kwa mkono, kwa upendo uleule wa shangazi wa Pangani, ndivyo ugonjwa unavyosafiri. Hilo lilimuuma kuliko mihogo yenyewe. "Sasa mtu akija kuomba mbegu nimwambie nini?" aliniuliza. Sikuwa na la kumjibu haraka.

Kabla hatujakata simu nilimwuliza kama ile miti mitatu ya mpira bado ipo. Akasema mmoja ulianguka na mvua za masika, miwili ipo, na alikuwa ametoka kuuchuma mmoja. Nyuma ya sauti yake nilisikia mchi ukigonga kinu.